Tupeane uzoefu: Kampala hadi Mbarara peke yako, bila haraka, kituo kwa kituo

MsafiriPolepole

Ndugu na dada zangu, barabara ya Masaka, hii ya Uganda inayotoka Kampala hadi Mbarara, wengi tunaipita mbio, sikukuu au msiba. Hapa tuzungumzie kuipita taratibu: dereva mmoja, gari dogo, unarudia vituo unavyovipenda. Taja kituo, saa nzuri ya kufika, cha kukagua na kinachoharibika. Simulizi ndefu tuziache, tupeane mambo ya kushika.

Naanza na la msingi: kila kituo kina saa yake. Kampala hadi Mbarara ni kilomita kama 270. Ukipanga kwa kilomita utafika Lukaya, penye kuku wa kuchoma, makaa ndiyo kwanza yanapulizwa, na Sanga, karibu na hifadhi ya Mburo, jua la utosi, pundamilia wote wako vichakani. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla Busega na Kyengera, pale pa kutokea Kampala, hazijafungwa na foleni. Rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ile Mpigi: simama kwa anayesukuma chapati mbele yako, maana ya tangu jana hupasuka ikikunjwa na mayai yote yanamwagika. Lukaya ufike saa nne na nusu hivi, Sanga saa kumi jioni.

Upepo wa tairi pima kabla hujatoka, tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukipima njiani zikiwa na moto, kipimo kitasoma juu, utapunguza, na kesho utaendesha tairi laini.

Makaa_ya_Lukaya

Lukaya nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wageni wanapolishwa vibaya na lawama wanabebeshwa wachomaji.

Usinunue dirishani ukiwa juu ya lami. Trela za nyuma yako zinashika breki ghafla, na vijana wanakimbia katikati ya magari. Pita wauzaji, toka kabisa barabarani, funga gari, rudi kwa miguu hadi kwenye jiko lenyewe.

Kuku anayeletwa dirishani mara nyingi alishapoa, akarudishwa motoni: ngozi imekauka, kwenye mfupa bado baridi. Chagua kijiti cha kuku kilicho juu ya makaa, mwambie nyabo (mama mchomaji) apasue paja karibu na fundo. Ukiona wekundu, kirudi motoni, na usione haya. Makaa yawe na jivu jeupe juu. Moto wenye ndimi huunguza nje tu.

Gonja, ndizi ya kuchoma, nayo ni hivyo hivyo. Nzuri ni ile iliyoiva hadi ganda likawa na mabaka meusi, ikachomwa polepole. Ibonye katikati: ikirudisha kidole, moyo wake ni mgumu, ngoja kidogo. Ukiwa peke yako kipande kimoja cha kuku na gonja mbili zinatosha. Ukishiba sana, usingizi utakukuta mbele ya Masaka.

Beba noti za elfu moja na elfu mbili, na kidumu cha maji cha lita 5 chenye sabuni pembeni.

Fundi_wa_Ngozi

Mpambire, pale Mpigi, kwa wanaopenda ngoma. Asubuhi mapema utakuta vibanda vimefungwa, kwa hiyo ifanye kituo cha kurudi. Geuza ngoma uangalie ndani: mbao isiwe na ufa uliozibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Kamba za ngozi zivutwe sawasawa pande zote, la sivyo sauti itapinda. Usiiache garini juani, vioo vikiwa vimefungwa. Ngozi hukauka, hujivuta, kisha hupasuka kwenye ukingo.

Dada_wa_Biharwe

Kati ya Lyantonde na Sanga punguza mwendo hata kama barabara iko wazi. Ng'ombe wa Ankole wakivuka hawageuki nusu njia, na mchungaji huwa nyuma yao, si mbele. Jioni pundamilia huonekana kutoka barabarani upande wa Mburo, bila kuingia hifadhini. Simama nje ya lami, zima injini, bakia ndani.

Mlale Mbarara, lakini kwanza Biharwe, Igongo: makumbusho yake ni mazuri sana, yanastahili saa nzima. Agiza eshabwe na kalo (ugali wa ulezi). Eshabwe ni samli iliyopigwa na maji na chumvi hadi ikawa nyeupe, huliwa baridi. Msiombe ipashwe moto. Samli itajitenga na hakuna wa kuirudisha.

Katonga_hadi_Lwera

Samaki wa Lwera, kinamasi kilicho kabla ya Lukaya, wanunue ukirudi, kamwe si ukienda. Kagua mashavu yawe mekundu na macho yawe angavu. Beba ndoo yenye mfuniko na barafu, maana maji ya samaki yakiingia kwenye zulia la gari harufu haitoki.

Msimu wa mvua, uliza hali ya daraja la mto Katonga kabla hujatoka. Mei 2023 mafuriko yalikata barabara hii hapo, magari yakazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule hadi Masaka. Njia hiyo ni ndefu na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, kwa hiyo ukilazimika kuipita, jaza tangi Mpigi, na hakikisha spea ina upepo na jeki inapanda.

MsafiriPolepole

Asante sana ndugu. Wa barabara ya Jinja leteni za Namawojjolo na Mabira: jiko gani, saa ngapi.