Ni haki programu za mifupa Marekani kuwachuja wanafunzi wa DO kabla hata ya kusoma fomu zao?

Mkaa Lowell
Wakuu naomba tuliongee hili maana vijana wetu wengi huku Marekani, watoto wa manesi na madereva wa malori, wanasomea udaktari vyuo vya osteopathia na hakuna anayewaambia ukweli mapema. Kwa msiojua, huku kuna digrii mbili za udaktari, MD ya vyuo vya kawaida na DO ya vyuo vya osteopathia. DO ilianzia Kirksville, Missouri, mwaka 1892 kwenye chuo cha Andrew Taylor Still, na leo anayeimaliza ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, leseni anapewa majimbo yote 50. Sio kama Uingereza ambako osteopathi hasomei udaktari, kazi yake ni mgongo na viungo kwa mikono. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani sasa hivi ni wa DO, na kwa jumla zaidi ya asilimia 90 ya wanaomaliza wanapata residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini baada ya digrii.

Sasa njoo kwenye upasuaji wa mifupa. Nafasi ni kama 900 hivi kwa mwaka nchi nzima, mafunzo miaka 5, na zipo programu ukipitia majina ya maresidenti wao huoni DO hata wa dawa. Sio kwamba waliitwa intavyu wakashindwa, kompyuta imeshawachuja kwa herufi mbili za digrii, au kwa sababu walileta majibu ya COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, bila USMLE, mtihani wa leseni wa MD. Na hela inayoendesha residensi hizo sehemu kubwa ni Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kodi yangu na yako. Ushindani sina shida nao, ila kumkata mtu bila kumsoma kwa hela ya umma hapana. Karibuni mnipinge.

Daktari Mchovu
Nakupinga nusu mkuu. Programu moja ya mifupa ina nafasi 4 au 5 tu, maombi yanakuja mamia kwa mamia, na anayetakiwa kuyasoma ni daktari wa upasuaji ambaye toka alfajiri yuko thieta. Lazima achuje kwa kitu fulani. COMLEX wanafanya DO peke yao, USMLE wanafanya MD wote na baadhi ya DO, sasa wewe unataka alinganishe vipi? Na usisahau MD wenye alama nzuri tu nao wanakosa mifupa kila mwaka, wanalia kimya kimya halafu wanaenda kukaa mwaka mzima wa utafiti wajaribu tena.

Trela Moja
Mimi nalipa ada zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, mikopo juu ya mikopo, leo ndo nasikia hii. Kijana wangu ameingia mwaka wa kwanza DO na wimbo wake ni mifupa mifupa tangu avunjike mkono shule ya msingi. Ina maana nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Binti Kisauni
Hujauziwa mbuzi kwenye gunia baba, tulia. Mimi ni DO mwaka wa nne na naomba mifupa hii hii, hebu niwaelezee inavyokwenda kwa ndani maana naona mnabishania mlangoni tu.

Zamani DO akitaka mlango ukubali kufunguka alikuwa anafanya USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani ule, juu ya COMLEX yake, anapasua alama kubwa, basi mtu akiiona ile namba anasahau chuo. Januari 2022 Step 1 ikawa kufaulu au kufeli tu, na COMLEX Level 1 ikafuata mwaka huo huo. Wengi walishangilia, afya ya akili na kadhalika, sawa, lakini sisi ndio tuliopokonywa ngazi. Yenye alama imebaki Step 2, hatua ya pili, na pale ambapo Step 1 ilikuwa inaongea sasa linaongea jina la chuo, barua za mapendekezo na wingi wa pepa za utafiti. Sasa vyuo vingi vya DO havina hospitali yao kubwa ya kufundishia, hatuna idara ya mifupa nyumbani, profesa wa kuniweka kwenye pepa zake namtoa wapi? Mwenzangu wa MD anashuka ghorofa moja tu anamkuta.

Kwa hiyo tegemeo letu ni roteshoni za nje. Unaenda mwezi mzima hospitali ya watu, unalipa kodi ya chumba mji ambao hukai, unafika wa kwanza unaondoka wa mwisho, wakuone mikono. Hapo ndipo DO anaposhinda, lakini zipo programu hata hizo roteshoni hazimpokei DO. Huwezi kuniambia nijithibitishe halafu ukanifungia geti.

Mkaa Lowell
Asante Binti. Na Daktari, hiyo hoja ya maombi mengi imepungua nguvu. Tangu msimu wa 2022 na 2023 mifupa wana utaratibu wa ishara, mwombaji ana ishara 30 za kuziambia programu nawataka ninyi kweli. Basi wasome wale waliowapa ishara, kisha wachuje. Kisingizio cha mafuriko kimebaki wapi?

Binti Kisauni
Hapo umegusa lakini kuna mtego. Ishara ni 30 tu, sasa mimi na akili zangu nitaitupa kwenye programu ambayo haijawahi kuchukua DO? Naipeleka kwa wanaotuchukua. Mwisho wa msimu ile programu inasema mbona DO hawatuombi. Kila mtu ametumia akili na hakuna kilichobadilika. Wallahi linaniudhi kuliko hata kukataliwa.

Daktari Mchovu
Sawa hapo nimekuelewa. Lakini tuseme na upande wa pili jamani, kabla ya 2020 DO walikuwa na residensi zao wenyewe za mifupa na MD alikuwa haingii kabisa. Ni makubaliano ya 2014 yaliyounganisha yote chini ya ACGME, chombo kinachoidhinisha residensi, kazi ikakamilika Juni 2020. Milango ilifunguliwa pande zote mbili.

Mkaa Lowell
Ilifunguliwa kwenye karatasi. MD wanaweza kuomba zile zilizokuwa za DO, nyingine zilishindwa vigezo vipya zikafungwa, na DO bado wengi wao wanaishia zile zile za zamani. Tumegawana chakula chetu, chao tumeonjeshwa.

Nesi wa Usiku
Mimi niko wodi ya mifupa miaka mingi na sijasikia mgonjwa aliyetoka kubadilishiwa nyonga akauliza daktari ni MD au DO. Anauliza lini ataendesha gari. Daktari wa Trump mwaka 2020, Sean Conley, alikuwa DO, wa Biden, Kevin O'Connor, DO. Rais anatibiwa, goti la mkulima wa Ohio linakataa?

Daktari Mchovu
Nesi hao hawakuwa wapasuaji wa mifupa lakini nimecheka. Mimi ningekubali kitu kimoja: kila programu inayokula hela ya Medicare itangaze DO wangapi waliomba na wangapi iliwachukua. Mswada wa FAIR uliopelekwa Bunge la Marekani 2023 ulitaka hivyo, Bunge lile likaisha bila kuupitisha. Ila ulitaka pia programu zikubali COMLEX, na hapo nabaki hapana. Anayetaka mifupa afanye USMLE.

Mkaa Lowell
Mtihani zaidi ya dola 600, juu ya COMLEX ambayo bila hiyo hamalizi chuo. Unaomba watoto wa maskini walipe mara mbili ili wewe usijifunze kusoma namba ngeni.

Trela Moja
Mabosi mnagombana vizuri lakini mimi nataka jibu la kijana wangu. Afanye nini?

Binti Kisauni
Afanye zote mbili baba, asimsikilize mzee wa Lowell kwenye hili hata kama ana haki. Step 1 mwisho wa mwaka wa pili, Step 2 majibu yawe yametoka kabla Septemba ya mwaka wa nne maana fomu ndipo zinaposomwa. Atafute pepa kuanzia sasa, aandike barua kwa hospitali yoyote, wengi hawatamjibu. Roteshoni aelekeze Michigan, Ohio, Pennsylvania, huko ndiko hospitali za DO za zamani zilikuwa nyingi. Na awe na fani ya pili mkononi ambayo anaweza kuipenda. Mwambie anitafute inboksi.