Gadi yupi tumsajili: wa Nairobi, wa Likoni ama mkongwe? Twahitaji jibu kabla ya Jumamosi

Kikapu_Tudor:
Assalam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote. Naomba maoni ya haraka. Timu yetu ya basketi hapa Mombasa ina nafasi ya gadi mmoja tu, yule wa kupandisha mpira, na usajili wafungwa Jumamosi. Kamati ishatoa majina matatu, na kwa vile sisi mashabiki ndio tunaochanga, tumeambiwa tuseme twamtaka nani. Wa kwanza ni kijana wa Nairobi, mfungaji, akiwaka hazimiki. Wa pili ni wa Likoni, pointi hana nyingi lakini akikukaba utaomba kutolewa mwenyewe. Wa tatu ni mkongwe, ashacheza ligi kuu miaka mingi, umri umeenda lakini kichwa kipo. Mimi naegemea wa Nairobi. Mwaonaje?

Mzee_wa_Makande:
Waaleikum salaam. Ndugu yangu umeuliza nusu swali. Mko ligi gani? Bajeti ni ngapi? Senta wenu ni nani na ana urefu gani? Kocha apenda mbio ama apenda kutuliza? Gadi mlokuwa naye ameenda wapi? Gadi hachaguliwi peke yake, achaguliwa kwa wale wanne atakaocheza nao. Leta hayo ndio tuongee.

Nyali_Tatu:
Wa Nairobi, sioni la kujadili. Basketi ya siku hizi ni mitupo ya mbali, Stephen Curry wa NBA kule Marekani alifunga mitupo ya pointi tatu 402 katika msimu mmoja wa 2015-16 na tangu hapo mchezo haujarudi nyuma. Mkabaji hakufungii kikapu zikibaki sekunde tano. Mwakumbuka Yaoundé 2021? Twacheza na Angola, twapoteza kwa pointi moja, Tyler Ongwae wetu akachukua mpira akatupa, kengele yalia mpira uko hewani, 74-73, Kenya ikaenda AfroBasket, kombe la Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mtu wa namna hiyo ndiye anayetafutwa.

LikoniDamu:
@Nyali_Tatu ule mtupo hakuna Mkenya asiyeupenda, lakini uliza kwanza tulifikaje hapo tukiwa nyuma pointi moja tu mbele ya Angola. Tulikaba! Angola hawakufika hata 75.

Mimi nasema wa Likoni na sisemi kwa sababu ni wa kwetu. Tazameni Milwaukee ya NBA. 2021 walichukua ubingwa na gadi wao mkabaji Jrue Holiday, ile mechi ya tano ya fainali kule Phoenix yeye ndiye alompokonya Devin Booker mpira dakika ya mwisho akampandishia nyota wao Giannis juu, mchezo ukaisha. 2023 wakamtoa Holiday ili wampate mfungaji Damian Lillard kwa sababu wataka pointi. Holiday akaishia Boston, na Boston wakachukua kombe 2024. Milwaukee nao wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano 2024, wakatolewa tena raundi ya kwanza 2025, mara zote mbili na Indiana. Sasa nambieni nani alifaidika.

Nyali_Tatu:
Useme yote basi. 2024 Giannis hakucheza hata mechi moja ya ule mfululizo wa mechi na Indiana, alikuwa ameumia. 2025 Lillard mwenyewe alikatika kano ya kisigino katikati ya mfululizo. Hayo ni majeraha, si kosa la kusajili mfungaji.

LikoniDamu:
Na 2023 kabla hawajamtoa Holiday walikuwa na mechi 58 za ushindi. Timu ilikuwa yafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi chabadilishwa cha nini?

Bi_Kizingo:
2023 nao walitolewa raundi ya kwanza na Miami, bora tuweke rekodi sawa. Holiday alikuwepo, na Jimmy Butler wa Miami alimfunga pointi 56 kwenye mechi moja ya mfululizo ule.

@Kikapu_Tudor swali langu: mwachezea nje ama ndani? Msimu wa kusi kiwanja cha nje huku kwetu mtupo wa mbali wachukuliwa na upepo, wauona kabisa mpira watoka mkononi sawa ukifika juu wasogea. Mtu alozoea ukumbi atakuja hapa wiki za kwanza apige hewa tu, halafu mashabiki wamzomee. Nimecheza miaka mingi najua ninachosema. Kama nyumbani kwenu ni pale nje basi punguzeni thamani ya huyo mfungaji kidogo.

Kikapu_Tudor:
Shukran kwa maswali. Tuko daraja la kwanza. Senta wetu ana futi 6 na inchi 6, mikono mizuri, ukimpa mpira karibu na ringi amefunga. Twacheza nje nyumbani, ugenini mara nyingi ndani. Gadi wetu alopita amepata kazi Nakuru. Kocha apenda kutuliza. Shida yetu msimu uliopita ilikuwa tukibanwa kiwanja kizima, tulikuwa twapoteza mpira kabla hatujavuka nusu.

Mzee_wa_Makande:
Subhanallah! Hilo ndilo ungeanza nalo. Senta wa 6'6" yuko pale mbele amenyoosha mikono na mpira haumfikii. Mwahitaji mfungaji wa nini tena? Sekunde nane za kuvuka nusu ukizimaliza nyuma wampa mwenzio mpira bure. Swali ni moja tu kati ya hawa watatu, akija kubanwa na watu wawili kwenye pembe, nani atatoka na mpira?

Kwa mtazamo wangu ni mkongwe. Gadi Chris Paul alienda Phoenix akiwa na miaka 35, timu ilikuwa haijaona mtoano tangu 2010, msimu huohuo wakafika fainali. Hakuwa na mbio tena. Alikuwa ajua mpira uende kwa nani na saa ngapi, ndio maana yule senta wao Ayton alionekana mkubwa kuliko alivyokuwa. Mkongwe akipata huyo senta wenu kila siku ni pasi mbili tatu rahisi.

LikoniDamu:
Fainali yenyewe walifungwa na nani? Na timu ya Holiday 😀 Haya, lakini mkongwe atacheza dakika ngapi kwa joto la Februari, saa tisa mchana, kiwanja cha saruji? Magoti ya mtu ni yake.

Changamwe_Kona:
Nimekuwa nasoma tu lakini acheni niwape kisa chetu, kwa sababu naona @Kikapu_Tudor yuko palepale tulipokuwa sisi.

Misimu michache nyuma tulimleta gadi wa bara, mfungaji, jina silitaji. Video zake zilikuwa zasambaa kwenye simu za kila mtu. Tukachanga, na kuchanga kwenyewe si matajiri, ni watu wa bodaboda, wa gereji, mama mmoja auza viazi karai alitoa mia tano akasema mwataka ushindi basi leteni huyo mtoto. Tukamlipia chumba miezi mitatu mbele, tukamtumia nauli ya SGR, tukaenda kumpokea Miritini na tuktuk mbili. Mechi ya kwanza alifunga pointi 30 na kitu, watu wakalala wafurahi.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi na nikaona kitu. Senta wetu alikuwa akimwekea skrini, yaani asimama kumzuilia mkabaji wake, ageuka kuelekea ringi, anyoosha mkono, mpira hauji. Tena. Tena. Kufika kota ya tatu yule senta akawa aweka skrini halafu asimama tu, hageuki. Mechi ya pili hata kurudi kukaba akawa arudi kwa kutembea. Mechi ya tatu tulifungwa na timu ambayo kila siku twaifunga, na gadi wetu ana pointi 24, pasi ya kufungisha moja tu. Kwenye basi kurudi hakuna aloongea na mwenziwe.

Halafu ndio mambo yakaja. Akasema yuwaenda nyumbani kuna msiba, tukamchangia tena. Simu ikawa haishikwi. Tukaja kumuona kwenye picha amevaa jezi ya timu nyingine. Kwenda kudai, hatuna karatasi, tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo na pesa tumetuma kwa simu, basi. Yule mama wa viazi hakuniuliza kitu mpaka leo, ila kila nikipita pale nasikia vibaya.

Kwa hivyo wa Nairobi ama wa Likoni, andikisheni. Mkataba, tarehe, malipo kwa mwezi na si kwa mkupuo, na barua ya kuachiliwa kutoka timu yake ya zamani muione kwa macho kabla hamjatuma hata shilingi.

Bi_Kizingo:
Pole sana. Na hilo la senta kuacha kugeuka ni kweli kabisa, timu huvunjika hapo kabla ubao wa matokeo haujaonyesha.

Nyali_Tatu:
Pole bro. Ila huyo alikuwa mtu mbaya, si kwamba wafungaji wote ni hivyo. Na wa Nairobi wasitukanwe wote kwa ajili ya mmoja. Nairobi ndiko basketi iko, Nairobi City Thunder ndio timu ya kwanza ya Kenya kuingia BAL, ligi ya klabu za Afrika, 2025. Sisi huku twafanya nini?

Mzee_wa_Makande:
Sisi huku twakuza watoto wanaenda kucheza huko, ndio tunachofanya. KPA, timu ya bandari, ndio wamejitahidi kushikilia, wana kazi ya kumpa mchezaji na wana ukumbi hapo Makande. Timu nyingine zote za Mombasa kijana akifika miaka ishirini amepata chuo Nairobi, ameenda, harudi. Halafu twamlipia nauli mtu wa kutoka kulekule aje achukue nafasi yake. Hili laniumiza kuliko hata kufungwa. Chuo cha huku kikitoa nafasi kumi tu za udhamini kwa wachezaji, mambo yangebadilika.

Tononoka_Dada:
Na mabinti je? Kila mjadala ni gadi wa kiume. Timu ya KPA ya wanawake imekuwa ikiibeba Pwani miaka mingi na mwaongea kama hawapo. Nawaambia, gadi mzuri wa kike wa hapa mjini angewasaidia hao vijana wenu hata kwa kuwafundisha kushika mpira kwa mkono wa kushoto.

Mzee_wa_Makande:
@Tononoka_Dada sina la kupinga hapo. Ni kweli.

LikoniDamu:
Turudi kwa kijana wangu. Nimemtazama kwa karibu. Akikaba haangalii mpira wala macho ya mtu, aangalia kiuno. Mkono mmoja ameushusha chini kwenye njia ya dribo, miguu haikutani, asogea naye polepole mpaka amfikishe kwenye mstari wa pembeni, na hapo mstari wenyewe wamsaidia kukaba. Yule mwenye mpira akigeuza mgongo tu, mpira ushaenda. Na akibanwa yeye atoka kwa mkono wowote. Marcus Smart alichukua tuzo ya mkabaji bora 2022, gadi wa kwanza tangu Gary Payton 1996, na Smart si mtupaji hodari. Alex Caruso, Lakers walimwacha aende 2021 wakachukua Westbrook, mwaka huo wakashindwa mechi 49 hata mtoano hawakuuona, Caruso akaja kuvaa pete ya ubingwa na Oklahoma City 2025.

Bi_Kizingo:
Uzuri wake wa kukaba naukubali, lakini jibu hili: anatupa? Kwa sababu asipotupa, mkabaji wake atamwacha, atarudi akakae kwenye mapaja ya senta. Huyo senta wa 6'6" atakuwa amezungukwa na wawili kila mara. Westbrook alifanyiwa hivyohivyo Lakers, aachwa peke yake nje kama hayupo. Asilimia yake ya mitupo ya pointi tatu ni ngapi? Ama hata mitupo ya katikati tu?

LikoniDamu:
Yuwajifunza.

Bi_Kizingo:
Yuwajifunza si jibu ndugu yangu.

Kikapu_Tudor:
Wa Likoni kuna na jambo la feri. Mazoezi yetu ni saa kumi na moja jioni na kocha hapendi mtu achelewe, na wajua saa hizo pale kivukoni watu walivyojaa.

LikoniDamu:
Jioni umati mkubwa watoka kisiwani warudi Likoni, yeye aja upande wa mji. Na mtu wa miguu halipi. Msimtafutie sababu.

Kikapu_Tudor:
Kurudi je, saa mbili usiku?

LikoniDamu:
Kurudi atarudi kama tunavyorudi sote tunaofanya kazi mjini, ameanza leo kuvuka? Nauli ya matatu ya ng'ambo ile pekee ndio mumpe.

Changamwe_Kona:
Na hapo bajeti yenu yashuka nusu, kwa sababu chumba hamlipi. Hizo zitakazobaki mwaweza kumlipa mkongwe nauli aje mara mbili kwa wiki amfundishe kijana. Hapo mna wawili kwa bei ya mmoja, ikiwa mkongwe atakubali kutocheza.

Mzee_wa_Makande:
Hatakubali. Namjua wa aina hiyo, mpaka abebwe na machela. Lakini muulizeni kwa heshima, mumfuate nyumbani, si kwa ujumbe wa simu.

Nyali_Tatu:
Mimi bado niko kwa wa Nairobi. Mtajikuta mwapoteza mechi 48 kwa 45 msimu mzima.

Kikapu_Tudor:
Kocha amesema wote watatu waje Alhamisi wabanwe kiwanja kizima na vijana wetu tuone. Wa Nairobi amejibu atakuja akitumiwa nauli.

Changamwe_Kona:
😳 Nauli tena.

Bi_Kizingo:
Hiyo Alhamisi nitakuja kutazama. Ni pale pale nje? Ile ringi ya upande wa barabara mshaitengeneza? Mara ya mwisho ilikuwa imeinama mbele, na mtupaji mtamuonea mkimjaribu hapo.

Kikapu_Tudor:
Bado. Fundi wa kuchomelea alisema aja, hajaja.

Tononoka_Dada:
Kuna mmoja Majengo karibu na msikiti ana jenereta yake mwenyewe, alitutengenezea sisi. Nakutumia namba yake faraghani. Ila mpelekee na ngazi, yeye hana.