Walimu wenzangu, nimeshindwa kumaliza maneno darasani

Chaki_Mkononi:
Wakuu, salaam. Nasomea ualimu, mwaka wa pili, na hii ni wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha. Jiografia, Kidato cha Kwanza. Nina tabia ambayo mwanzoni niliicheka, sasa inanitisha. "Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo saa moja ni nyuzi kumi na ta...?" Darasa zima: "Nooooo!" (Kitabu ni cha Kiingereza, lakini mambo yakiwa magumu wote tunajua huwa tunahamia wapi.) Halafu lazima nimalizie na "tuko pamoja?"

Juzi nasahihisha madaftari, moja nakuta ukurasa wa nyuma umejaa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yake. Nikadhani hesabu. Kumbe ni "tuko pamoja" zangu za kipindi kimoja cha dakika 40. Vijiti 38!

Nyumbani ndiyo balaa. "Mama, chumvi imekwi...?" Mdogo wangu anadakia kutoka chumbani: "Shaaaa!"

Mwangalizi wa chuo anakuja Alhamisi. Nifanyeje?

Mzee wa Ubao:
Mwanangu, hiyo hukuizua wewe, umeirithi kwa waliokufundisha. Mimi niko kazini mwaka wa 26 na mpaka leo chaki naichomeka sikioni kama fundi seremala na penseli yake. Mke wangu alishachoka kusema. Hiyo haimdhuru mtu. Ila hili la neno nusu lisikudanganye: wanaojua ni watano, waliobaki wanafuata wimbo. Uliza swali zima, funga mdomo, hesabu moja mpaka tano moyoni, ndipo utaje jina. Tano ni ndefu, jiandae.

Kapigwa Sup:
Dada, shukuru wako wanaitikia. Profesa wetu wa takwimu alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unafuta nyuma yake. Ukichelewa kunakili mstari, umekwenda na maji. Na alikuwa haongei na sisi, anaongea na dirisha. Nje kulikuwa na mwembe. Nina hakika mwembe ule ulifaulu kuliko mimi.

Kona ya Maktaba:
Hata Newton. Msaidizi wake wa miaka ya 1680 pale Cambridge alieleza kwamba waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache, walioelewa wachache zaidi, na siku nyingine ni kama alizisomea kuta.

Mzee wa Ubao:
Newton hakuwa na mwangalizi Alhamisi.

Chaki_Mkononi:
Mrejesho. Leo nimejaribu ya Mzee. Nimeuliza: "Kwa nini saa moja ni nyuzi 15?" Nikanyamaza. Moja, mbili... nikasikia mpaka kuku wa nyumba ya mwalimu mkuu. Nilipofika nne, kijana mmoja wa nyuma, ambaye sijawahi kusikia sauti yake peke yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani hiyo 15 ilitoka wapi?"

Wiki nzima wameniimbia "nooo"! Nikaandika 360 ubaoni, nikagawanya kwa 24 polepole, nikawaacha wamalizie wenyewe kwenye daftari. Kengele ikagonga tukiwa hapo hapo, andalio la somo halijafika hata nusu.

Vijiti leo 11. Nimeomba kuliona daftari.