Tupeane uzoefu: mlioandikishana mali kabla ya ndoa hapa Uganda, mlipoachana karatasi ilisaidia?

Mwenye mada, Kampala

Salaam ndugu zangu. Mdogo wangu anaolewa mwisho wa mwaka. Ana kiwanja Mukono alichonunua kwa pesa za kazi za ndani Uarabuni, na mchumba wake ana gari la abiria. Wamekubaliana kwenda kwa wakili waandike kipi ni cha nani. Wazazi wamechukia: mtu anaandikaje habari za kuachana wakati kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, bado haijafanyika? Mimi nasimama na mdogo wangu, maana nimeona dada zetu wengi wakitoka kwenye ndoa na begi la nguo tu.

Ila nataka aende akijua karatasi hiyo inafika wapi. Hatuna sheria ya Bunge inayosema mkataba wa kabla ya ndoa ndio neno la mwisho. Muswada wa ndoa na talaka wa 2009 ulitaka kuitambua mikataba hii, ukakwama bungeni 2013. Ibara ya 31 ya Katiba inawapa mke na mume haki sawa, hata ndoa inapovunjika, na wengi husoma hapo nusu kwa nusu. Mwaka huohuo wa 2013 Mahakama ya Juu ilisema sivyo: kuoana peke yake hakumpi mtu nusu, kinachotazamwa ni mchango wa kila mmoja. Tafadhali leteni yaliyowakuta wenyewe.

Dada wa Arua

Sisi tuliandikishana. Ploti ilikuwa yake kabla hajanioa, duka la vitenge langu. Karatasi ikasema kila mtu abaki na chake, tukatia sahihi mbele ya wakili.

Tatizo lilianza pale tulipojenga. Nyumba ilisimama juu ya ploti yake, lakini saruji, mabati na fundi wa milango vilitoka dukani kwangu, na mkopo wa SACCO ulikuwa kwa jina langu. Tulipofika mahakamani yeye alileta karatasi tu: ploti yangu, kwa hiyo na nyumba yangu. Mimi nilileta daftari la duka, risiti za duka la vifaa vya ujenzi na kitabu cha SACCO. Jaji aliikubali karatasi kwa upande wa ardhi, lakini nyumba akaihesabu kuwa ya jasho la wote wawili. Nililipwa sehemu yangu kwa pesa, ardhi ikabaki kwake.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mama yake alilala kitandani mgonjwa, mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha, nikifunga duka mchana ili nimgeuze. Wakili wangu alinisisitizia niyaseme hayo pia, kwa sababu mchango si pesa tu. Niliyasema. Lakini kuyathibitisha bila risiti ni kazi, na shahidi wangu mkubwa alikuwa ameshafariki. Mwambie mdogo wako aandike pia watafanyaje na vitu watakavyopata PAMOJA. Yetu ilinyamaza hapo kabisa.

Mwalimu, Kasese

Yetu haikufika mahakamani. Kabla ya harusi tuliorodhesha pikipiki, ng'ombe na vyombo, mwenyekiti wa kijiji (LC1) akagonga muhuri. Tulipoachana wazee walikaa kikao kimoja, vitu vya kwenye orodha vikagawanywa bila kelele.

Ugomvi ukabaki kwenye kahawa. Tuliipanda wote wawili kwenye shamba la baba yangu, naye akasema ardhi ni ya ukoo, mimi na mke wangu hatuna cha kugawana. Mwishowe tuligawana mavuno ya msimu ule, miti ikabaki. Naona mke wangu alipunjika, na niliwaambia wazee hivyo. Upande wangu wengine walidai hata mbuzi wa mahari warudishwe. Mwenyekiti aliwakatalia: Mahakama ya Juu ilishasema 2015 kwamba kudai mahari irudi ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba.

Mzee wa Bombo

Wanangu, mimi sizipendi karatasi hizi, nasema wazi. Binti yangu aliletewa mkataba usiku wa kuamkia harusi, wageni wamejaa uani, chakula kiko jikoni. Umeandikwa Kiingereza cha mahakamani, naye aliishia darasa la saba. Atakataa vipi saa ile? Alitia sahihi. Ndoa ilipoharibika mume akautoa kama upanga. Tulipata wakili, akauliza maswali mawili: nani alimsomea, na alipewa muda gani wa kufikiri? Upande wa pili ukaomba tuelewane nje ya mahakama. Mwenye kutaka kuandikishana na aandike mapema, kila mmoja na mtu wake wa kumweleza, kwa lugha anayoisikia.

Mwenye mada

Shikamoo mzee. Nitampelekea maneno haya kama yalivyo.

Mama wa Busia

Niongeze kwa walioko mpakani. Sisi tuliandikishwa upande wa Kenya. Kule sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inautambua mkataba huo waziwazi, ingawa mahakama inaweza kuutupa ikiona ulaghai, shinikizo au dhuluma ya wazi. Nyumba yetu iko Uganda. Wakili wa huku alituambia tusitegemee karatasi ya ng'ambo peke yake, jaji ataisoma kama ushahidi mmoja kati ya mingine.

Jirani wa Wakiso

Mkataba wetu uliandika nyumba ni ya mume. Akaona anaweza kuuza kimya kimya. Mnunuzi alipofika kukagua alinikuta nakaanga samaki, watoto wamerudi shule, akauliza kama nimekubali. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi, hata kama hati ina jina moja. Mnunuzi aliondoka. Benki nazo hudai ridhaa hiyo kabla ya kuweka rehani nyumba ya familia.

Mgeni

Naomba kuuliza. Tumekaa pamoja miaka mingi, tuna watoto, hakuna harusi wala mahari. Nami nahesabiwa?

Mwenye mada

Dada, hapa kwetu kukaa pamoja, hata miaka ishirini, hakugeuki ndoa kisheria. Haki ya watoto kutunzwa iko palepale. Ya kwako utaidai kama mtu aliyechangia kununua au kujenga, na hapo ni ushahidi tu. Kusanya leo ujumbe wa pesa ulizotuma kwa simu (mobile money), risiti na majina ya mafundi uliowalipa, nakala moja uiweke kwa ndugu unayemwamini. Kama mwenzako yuko tayari, nendeni wote kwa wakili mwandike sehemu ya kila mmoja mngali mnaelewana. Ukikosa pesa ya wakili, uliza FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia wanawake kwenye kesi za namna hii.

Waliofunga ndoa ya Kiislamu wakaweka masharti ya mali kwenye akdi, bado nawasubiri.