Tupeane uzoefu: tuliowahi kubeba mizigo kwenye maghala ya Mwanza

Mwana Igoma: Leo asubuhi, nikiwa ndani ya daladala pale Nyakato, nimewaona vijana wakipanda ubao wa lori wakiwa na ngata na magunia ya lumbesa kichwani, nikakumbuka miaka yangu mitatu ya ukibarua godauni. Tulilipwa kwa gunia, saa hazikuhesabiwa, na aliyeomba kwenda chooni aliulizwa kama amekuja kazini au kutembea. Wenzangu mliopita huko, ilikuwaje?

Dada wa Mwaloni: Kwetu kwenye dagaa ni hivyo hivyo, ila unaongezewa harufu.

Kuli Mstaafu: Nitasimulia jambo ambalo sijawahi kulisimulia nje ya nyumba yangu. Magunia ya mbegu za pamba yalikuwa yamepangwa hadi kukaribia bati, na aliyekuwa chini akiyachomoa ni kijana tuliyemwita Mrefu, kwa kuwa jina lake halisi hakuna aliyelijua. Safu nzima ilimwangukia. Tulipomfukua alikuwa anapumua, lakini mguu wa kulia ulikuwa umegeuka, kisigino kikitazama mbele. Mwenye mali alipofika, aliuliza kwanza ni magunia mangapi yamepasuka. Jioni nililiona daftari la nyapara, ambalo siku zote liliandikwa kwa penseli: mstari wa Mrefu ulikuwa umefutwa, na karatasi mahali hapo ilikuwa imechubuka. Kwa mujibu wa daftari, Mrefu hakuwa kazini siku hiyo.

Dada wa Mwaloni: Mungu wangu! Alilipwa chochote?

Kuli Mstaafu: Nauli ya kurudi kwao Sengerema.

Nyapara wa Zamani: Msituone manyapara kuwa mashetani. Nyapara naye ni kibarua, na kibarua hana sheria inayomlinda.

Kijana wa Kirumba: Shikamoo mzee, lakini hapo sikubaliani nawe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na inamwacha nje yule tu anayemfanyia kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Mwajiri akishindwa kuyaonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake, si wa kibarua. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Nyapara wa Zamani: Marahaba. Sheria hiyo uliisoma ukiwa umebeba kilo ngapi?

Mama Pamba: Mnagombana bure. Dawa ya godauni ni maziwa, yanashusha vumbi.

Kijana wa Kirumba: Mama, maziwa huenda tumboni na vumbi liko kwenye mapafu. Waombeni barakoa.

Mwana Igoma: Mimi nashauri kila jioni mtu alipige picha daftari kwa simu yake.

Dada wa Mwaloni: Apige picha, halafu kesho asiitwe langoni? Aandike siku zake mwenyewe nyumbani, kimya kimya, na akiumia apelekwe hospitali na shahidi.

Kuli Mstaafu: Mzee nyapara, nakuuliza kwa heshima: kwa nini penseli?

Nyapara wa Zamani: Nilinunua kalamu ya wino siku ya kwanza, nikaambiwa niirudishe dukani.