Doctor Who: tuanze na ya mwaka 1963 au iliyofufuliwa mwaka 2005?

Msomaji wa Kibokoni:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu vyema tamthilia ya Doctor Who ya BBC. Siku ya Ijumaa baada ya sala ya Isha, wapwa zangu hukusanyika kwangu Kibokoni tukatazama hadithi ya kisayansi na kuijadili, na sasa wanataka tuanze tamthilia hii. Ami yangu, aliyeishi Uingereza miaka mingi na kuitazama tangu enzi za picha zisizo na rangi, anashikilia kwamba ni lazima tuanze na ile ya mwaka 1963, kwa kuwa iliyofufuliwa mwaka 2005, kwa maoni yake, ni kitu kingine kilichovishwa jina la zamani. Analalamika kwamba Daktari (mhusika mkuu, mgeni wa sayari nyingine anayesafiri katika wakati na kubadilika mwili badala ya kufa) aliyemjua yeye hakuwa mtu wa mapenzi, hakuandamwa na mama wa msichana anayesafiri naye, wala hadithi yake haikufungwa mbiombio ndani ya dakika 45.

Nimetazama kidogo za pande zote mbili. Naona ukweli katika maneno ya Ami, lakini nimewaona pia wapwa zangu wakichukua simu zao kabla sehemu ya pili ya hadithi ya zamani haijaisha. Je, manung'uniko ya watazamaji wa zamani yana msingi? Na kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, ni wapi pa kuanzia ili waipende na pia waielewe asili yake?

Binti wa Tudor:

Waaleikum salaam kaka. Anza na mwaka 2005, wala usifikiri kwamba kwa kufanya hivyo unawakwepesha ya zamani. Tamthilia ilisitishwa mwezi wa Desemba 1989 baada ya miaka 26, na mwaka 1996 palifanywa jaribio la kuirudisha kwa filamu ambamo Paul McGann alikuwa Daktari mpya. Filamu ile ilianza na Daktari wa awali, Sylvester McCoy, kisha ikamuua na kumbadilisha sura mapema, hivi kwamba mtazamaji mgeni alitakiwa amlilie mtu ambaye hakuwahi kumjua. Haikuzaa mfululizo wowote.

Russell T Davies, aliyeongoza uandishi mwaka 2005, alikwenda kinyume kabisa. Alimweka mbele Rose Tyler, msichana muuza duka wa London aliyeigizwa na Billie Piper, nasi tukamjua Daktari wa Christopher Eccleston kwa kadiri Rose alivyomjua. Kibanda cha buluu cha polisi anachosafiria, ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, bisibisi inayofanya kazi kwa mawimbi ya sauti, uwezo wa kubadilika mwili badala ya kufa: yote hayo yanatufikia moja moja, kila jambo kwa wakati wake. Mama yake Rose, anayemkera Ami, ndiye anayetukumbusha kwamba msichana aliyeondoka na mgeni ameacha watu nyuma wanaomtafuta. Tamthilia ya zamani haikujishughulisha sana na swali hilo, nami naliona kuwa nyongeza ya haki.

Zaidi ya hayo, Davies aliiteketeza Gallifrey, sayari ya Daktari, katika vita vilivyotokea kabla ya kipindi cha kwanza, akamwacha Daktari akiwa wa mwisho wa kabila lake. Wengi walikasirika. Mimi nadhani ulikuwa uamuzi wa hekima kuliko yote, kwa sababu uliipumzisha tamthilia kutokana na mzigo wa historia ndefu huku ukiigeuza historia hiyo hiyo kuwa msiba. Mtazamaji mgeni anaona mtu mwenye majonzi. Ami anajua hasa ni nini kilichopotea. Na mwaka 2006, katika kipindi kiitwacho School Reunion, alirudi Elisabeth Sladen akiwa Sarah Jane Smith, mwandani wa Daktari aliyeachwa njiani mwaka 1976, akamuuliza kwa nini hakurudi kumchukua. Waandishi waliotaka kuyafuta ya zamani wasingempa mwanamke yule nafasi ya kuuliza swali lile, tena mbele ya Rose, ambaye palepale anatambua kwamba naye huenda akaachwa vivyo hivyo.

Mzee wa Likoni:

Mwanangu wa Tudor umesema vizuri, ila nisingependa Ami wa ndugu yetu ahesabiwe kuwa mtu wa kung'ang'ania mambo ya kale tu. Lalamiko lake kuhusu dakika 45 ni zito kuliko lile la mapenzi.

Hadithi za zamani zilisimuliwa kwa sehemu za dakika 25 hivi, mara nyingi sehemu nne au sita, na kila sehemu ilikatwa pale hatari ilipofikia kilele. Mtazamaji alikaa na hofu ile wiki nzima. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache na mandhari ya kuchonga, mwandishi alilazimika kuitia hofu ndani ya maneno, na Daktari alilazimika kuwashinda maadui kwa kuzungumza, kuhoji na kufikiri. Kipindi cha dakika 45 hakina nafasi hiyo. Mara nyingi dakika tano za mwisho kinabonyezwa kitufe fulani na dunia inaokoka. Hata mimi, niliyeupenda msimu wa mwaka 2005, sikuridhika na wale Slitheen, viumbe kutoka sayari nyingine, wanaojamba ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, kwa maana hadithi iliyoanza kwa hofu ya kweli ilivunjwa nguvu na mzaha.

Hata hivyo, siwezi kukubaliana na Ami anaposema kwamba Daktari mpya si yule yule. Mwaka 1966 William Hartnell alipodhoofika kiafya, waliotengeneza tamthilia walimbadilisha kwa Patrick Troughton mbele ya macho ya watazamaji, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyoiwezesha kuishi. Anayempenda Daktari amekwisha kukubali kubadilika.

Kipimo changu ni hiki. Mwaka 1975, katika Genesis of the Daleks, Daktari wa Tom Baker ameshika nyaya mbili, na akiziunganisha tu atawaangamiza Dalek, maadui wakuu wa Daktari, kabla hawajaanza kuutesa ulimwengu. Anasita, akijiuliza kama ana haki ya kuangamiza kizazi kizima. Mwaka 2005, katika kipindi cha sita, Daktari wa Eccleston anamkuta Dalek mmoja amefungwa minyororo chini ya ardhi huko Utah, na hasiti hata kidogo. Anataka kumuua, hata Rose analazimika kusimama kati yao. Aliyeandika kipindi kile, Robert Shearman, alijua vyema ni mtu gani tuliyemwacha mwaka 1975. Watazamishe vijana hadithi hizi mbili, kisha waulize vita vimemfanya nini mtu yule.

Mpenda Nyota wa Changamwe:

Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza jambo kuhusu miaka ya karibuni, kwa kuwa vijana watalifikia na ni vyema mjomba wao ajitayarishe. Kuanzia Desemba 2023 hadi Mei 2025 Daktari alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyelelewa Scotland baada ya familia yake kuikimbia Rwanda. Palikuwa na watazamaji walioamua kuwa uteuzi ule umeharibu tamthilia kabla hata hajatamka neno. Kuna pia waliokosoa kwa sababu za haki: misimu yake ilikuwa ya vipindi vinane vinane, na kwa maoni yangu hatukupata muda wa kutosha kukaa naye. Makundi haya mawili yasichanganywe.

Kipindi cha Dot and Bubble cha mwaka 2024 kinawahusu vijana matajiri, wote weupe, wanaokataa kuokolewa na Daktari kwa sababu ya rangi yake, wakachagua kwenda msituni kufa. Anawasihi, kisha anapiga ukelele ambao sijausahau. Mwaka uliofuata, katika The Story & the Engine kilichoandikwa na mshairi Inua Ellams, Daktari yuko Lagos, kwa kinyozi ambako hupenda kwenda kwa kuwa pale anapokewa kama mwenyeji. Wateja wamefungiwa humo na kulazimishwa kusimulia hadithi, na hadithi hizo ndizo zinazoendesha chombo walichomo. Yeyote aliyewahi kungoja zamu kwa kinyozi hapa Mombasa ataitambua sauti ya kipindi hicho papo hapo.

Msomaji wa Kibokoni:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea Ami maneno ya Mzee wa Likoni, naye amekubali tuanze na mwaka 2005, kwa sharti kwamba Genesis itazamwe mara tu baada ya kipindi cha Dalek. Swali langu la mwisho ni kuhusu yule wa miaka 13: je, kuna kipindi cha kumtisha kupita kiasi?

Binti wa Tudor:

Sharti la Ami ni zuri sana. Kipindi cha kuangalia ni The Empty Child cha Steven Moffat, pamoja na sehemu yake ya pili, ambamo mtoto mwenye barakoa ya gesi anazunguka London wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia akimtafuta mama yake. Kinatisha kwelikweli, lakini mwisho wake ni wa furaha kuliko wowote katika msimu ule, kwa hiyo sehemu zote mbili zitazamwe usiku mmoja na kijana asilale katikati. Genesis nayo ina sehemu sita. Hiyo igaweni katika Ijumaa tatu, sehemu mbili kila mara, na Ami awepo, kwa sababu ni yeye atakayejibu maswali yao.