LED iwake kama fundi anachomelea: 555, ATtiny au LED ya mshumaa?

kisimbuzi: Wakuu habari zenu. Natengeneza modeli ya karakana, kajengo kadogo tu, na pale pembeni nataka kuwe na fundi anachomelea geti, yaani ule mwanga mweupe wenye ubluu unaorukaruka. Nasikia kuna njia ya 555, ile chipu ya kupima muda, kuna ya mikrokontrola kama ATtiny, yaani chipu unayoipakia programu, na kuna jamaa kaniambia nichukue LED ya mshumaa nimalize kazi. Nina betri ya volti 9. Nishike ipi bila kuunguza kitu?

nyaya_nyekundu: LED ya mshumaa sahau mkuu. Ina kachipu ndani kanakopandisha na kushusha mwanga kiupoleupole, na nyingi ni za njano. Cheche ya kuchomelea haishuki, inakatika. Kuna ujanja wa kuiunga mfululizo na LED nyeupe ili nyeupe ifuate mchezo wa mwenzake, volti 9 zinatosha zote mbili ukiweka resista, ila bado mwanga ni laini mno. Hiyo peleka jikoni kwenye modeli yako, iwe moto wa mkaa.

MamaSaketi: Chukua 555 mbili, au 556 moja ambayo ni 555 mbili ndani ya chipu moja. Ya kwanza ya haraka: resista R1 kilo-omu 1, R2 kilo-omu 33, kapasita mikrofaradi 1, unapata kama mara 21 kwa sekunde. Ya pili ya polepole: R1 kilo-omu 10, R2 kilo-omu 33, kapasita mikrofaradi 100, hii inakaa juu kama sekunde 3 na chini kama sekunde 2 na kidogo. Sasa toa waya pini 3 (ya kutoa umeme) ya ile ya polepole upeleke pini 4 (ya kuizima chipu) ya ile ya haraka, basi, fundi wako anachomelea, anapumzika, anaanza tena. LED iunge kutoka pini 3 ya ile ya haraka kwenda hasi kwa resista ya omu 270, usiiunge kutoka upande wa chanya, maana pini 4 ikishushwa pini 3 nayo inashuka na LED ya upande wa chanya itawaka mfululizo muda wote fundi akiwa amepumzika.

transista_mzee: 555 za nini? Transista mbili za BC547, resista za kilo-omu 47 kwenye besi, kapasita mbili za mikrofaradi 1, inapepesa kama mara 15 kwa sekunde na vifaa unavitoa kwenye redio mbovu.

MamaSaketi: Inapepesa ndiyo baba, lakini haipumziki, hiyo ni indiketa ya gari lenye haraka 😂

biti_nane: Shida ya zote hizo ni mdundo. Hata hiyo ya dada, ukiitazama dakika moja jicho linaukariri. Fundi wa kweli hana mdundo, anagusa mara mbili tatu kutafuta cheche, ndipo anashika mstari, anasimama kubadili elektrodi au kugonga gome. Kwa hiyo mimi nasema ATtiny85: programu inachagua kwa bahati nasibu iwake milisekunde 5 hadi 40, izime 5 hadi 60, irudie mara 20 hadi 80, kisha kimya sekunde 1 hadi 8. Mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ya kuanzia, isome kwenye pini ya analogi iliyoachwa wazi, la sivyo kila ukiwasha itaanza na mpangilio uleule. Angalizo mawili: ikitoka kiwandani inakimbia megahezi 1, ukiipangia programu ya megahezi 8 bila kubadili fyuzi zake (mipangilio ya ndani ya chipu) kila kitu kitakuwa polepole mara 8. Na mwisho wake ni volti 5.5, ukiichomeka kwenye hiyo betri ya 9 umeiua, tumia betri 3 za volti 1.5 na resista ya omu 100 kwa LED.

MamaSaketi: Mdundo unavunjika bila programu. Ongeza 555 ya tatu ya kama mara 7 kwa sekunde (kilo-omu 1, kilo-omu 10, mikrofaradi 10), pini 3 yake ipite resista ya kilo-omu 10 iingie pini 5 ya ile ya haraka. Kasi inayumbayumba.

nyaya_nyekundu: Kama modeli itaangaliwa na watu wengi weka swichi mbele na kibao cha tahadhari. Mwanga wa kupepesa mara 15 hadi 25 kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha mwanga. LED pia ifiche nyuma ya fundi, kinachotakiwa kuonekana ni mwanga ukutani.

kisimbuzi: Nakwenda na 555, sina kifaa cha kupakia programu. Ule wekundu unaobaki kwenye chuma nao unawezekana?

MamaSaketi: Tena rahisi. Pini 3 ya ile ya polepole, resista ya omu 100, diodi, halafu kapasita ya mikrofaradi 470 kwenda hasi. Toka hapo kwenye kapasita upite kilo-omu 1 hadi LED ya machungwa. Cheche ikikoma hiyo inafifia yenyewe kwa sekunde moja hivi. Ikifa mapema mno weka kilo-omu 2.2, ila itakuwa hafifu zaidi.